Maneno ya Historia Yetu, Toka Koloni Hata Shifta

Hotuba iliyosomwa mbele ya darasa la wanachama, Isiolo



Katika darasa la mwezi uliopita mwenzetu mmoja, dereva wa lori, alikuja na kitabu cha zamani cha shule. Ndani yake mna orodha ya maneno ya historia ya Marekani, tangu walipofika Waingereza wa kwanza hata vita vya wao kwa wao: koloni, hati ya kampuni, mkataba wa utumishi, kodi, mstari wa mpaka, katiba, kujitenga. Mwenzetu akauliza, "Je, maneno haya si ndiyo yetu?" Watu wakacheka, lakini swali lile halikutuacha. Halmashauri ya tawi ikatuagiza tuandike orodha yetu wenyewe, ya Isiolo na nchi ya kaskazini, tuje tuisome mbele yenu. Ndiyo hii. Hatukufuata mpango wa herufi, wala hatukuweka kila neno, maana tungekaa hapa mpaka usiku.

Neno la kwanza ni KAMPUNI. Mwaka 1607 kampuni moja ya London ilipeleka watu Jamestown, Virginia, kutafuta faida, na hati ya Mfalme mkononi. Huku kwetu mambo yalikuwa hayo hayo. Mwaka 1888 Imperial British East Africa Company ilipewa hati ya kifalme. Ikashindwa na gharama, na mwaka 1895 Serikali ya Uingereza ikaitwaa nchi, ikaiita PROTEKTORETI, maana yake nchi iliyo chini ya ulinzi. Inalindwa na nani, tena na adui gani, wazee wetu hawakuelezwa. Mwaka 1920 jina likageuzwa kuwa KOLONI, ila ule ukanda wa pwani wa Sultani wa Zanzibar ulibaki Protektoreti. Mtu alilala analindwa, akaamka anamilikiwa, na hakuhama nyumba yake.

Tuje kwenye neno linalotuhusu zaidi sisi wafanya kazi, nalo ni MKATABA. Wengi wetu twadhani Marekani ya kwanza ililimwa na watumwa peke yao. Sivyo. Wazungu maskini walitia sahihi kufanya kazi miaka 4 hata 7 bila mshahara ili walipiwe nauli ya meli. Mwaka 1619 Waafrika wa kwanza walifikishwa Virginia, na miaka ilivyopita sheria ilimfungua Mzungu wa mkataba ulipokwisha muda wake, bali Mwafrika ikamfunga yeye na watoto wake na watoto wa watoto wake. Reli yetu ya Mombasa nayo ilijengwa kwa mkataba: Wahindi karibu 32,000 waliletwa, na karibu 2,500 kati yao walikufa kazini.

Kwa Mwafrika wa Kenya mkataba ulikuja na fimbo yake. Sheria ya Mabwana na Watumishi ya mwaka 1906 ilifanya kosa la kuacha kazi kabla ya muda kuwa kosa la jinai. Leo mtu akiacha kazi bila notisi, huenda akakatwa mshahara wa mwezi. Zamani zile alifungwa. Lakini tajiri atamjuaje mtu aliyetoroka shamba la Nyeri akaandikwa kazi Nakuru? Hapo ndipo lilipotoka neno KIPANDE.

Sheria ya kipande ilitungwa mwaka 1915, vita vikaichelewesha, ikaanza kutumika baada ya vita, mwaka 1919 na 1920. Kila mwanamume Mwafrika mwenye umri wa miaka 16 na zaidi, mahali ilipotumika sheria hiyo, alipigwa alama za vidole, akapewa karatasi ndani ya kikebe cha chuma, akakining'iniza shingoni kwa kamba. Ndani ya karatasi mliandikwa jina lake, kabila lake, tajiri wake, mshahara wake, na siku aliyoachishwa kazi. Kama tajiri hakutia sahihi ya kumwachilia, mtu hakupata kazi pengine. Kama tajiri wa kwanza aliandika shilingi 8, wa pili aliona shilingi 8, naye hakuwa na haja ya kutoa 10. Sasa mwaona kwa nini Harry Thuku alipoanza kusema juu ya kipande na kodi mwaka 1921 watu walimfuata. Alikamatwa Machi 1922. Watu wakakusanyika mbele ya kituo cha polisi Nairobi kumdai, nao wakapigwa risasi. Yeye akapelekwa Kismayu, na baadaye Marsabit. Kumbukeni hiyo Marsabit, tutairudia.

Kule Marekani ilipitishwa sheria mwaka 1850 ya kuwarudisha watumwa waliotoroka, hata kama wamefika majimbo yasiyo na utumwa. Hatusemi mtu wa kipande alikuwa mtumwa. Mtumwa aliuzwa sokoni na mtoto wake akauzwa kwingine. Kipande hakikufika huko, na si heshima kwa waliouzwa kuyafanya mambo haya kuwa sawa. Lakini sheria zote mbili zilikuwa na kazi ya namna moja: kumkamata mtu ambaye hakufanya ubaya wowote ila kuondoka.

Na hapa tuseme jambo moja juu ya KATIBA ya Marekani ya mwaka 1787, kwa kuwa lilitushangaza tulipoambiwa. Katiba ile ililinda utumwa, lakini neno "mtumwa" halimo ndani yake. Waliandika "watu wengine". Waliandika juu ya mtu aliyefungwa na kazi au utumishi. Neno lenyewe la utumwa halikuingia katika katiba mpaka mwaka 1865, siku lilipoandikwa ili utumwa upigwe marufuku. Kwa miaka 78 watu walikaa ndani ya kitabu bila jina lao. Mwenye kazi ya kusoma mikataba kwa niaba ya wenzake, kama makatibu wetu, na alitie jambo hili akilini: neno laini huandikwa mahali palipo na jambo gumu.

Mfano wa neno laini twaupata hapa hapa. Mwaka 1902 ilitungwa sheria juu ya WILAYA ZA NJE. Ukisikia hivyo wadhani ni habari ya umbali tu. Kumbe maana yake ni kwamba wilaya ikitangazwa ya nje, mtu asiye wa huko haingii bila ruhusa ya Serikali. Nchi yetu yote ya kaskazini ilifungwa hivyo, Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, ambayo wazee hata leo huiita N.F.D. Mwaka 1934 sheria nyingine ikawaongezea wakuu wa wilaya nguvu za kuzuia makabila katika mipaka yao na kuwatoza watu faini kwa pamoja, hata asiyefanya kosa alipe la mwenziwe.

Isiolo ilikuwa mlango wa nchi hiyo. Lori likitoka Nanyuki na Meru lilikuta kizuizi barabarani, pasi zikatazamwa, na asiye na PASI akageuzwa. Ng'ombe nao walikuwa na kizuizi chao, kile kituo cha karantini. Serikali ilisema ni kwa ajili ya magonjwa, na magonjwa yalikuwapo kweli. Lakini karantini hiyo hiyo iliwalinda masetla wa nyanda za juu, wasishindane sokoni na ng'ombe wa kaskazini. Na ndani ya N.F.D. yenyewe Serikali ilichora MSTARI kati ya malisho ya Waborana na malisho ya Wasomali, ukawa na nguvu ya sheria katika miaka ya 1930. Marekani pia walikuwa na mstari, uliopimwa kati ya 1763 na 1767 na wapimaji wawili, Mason na Dixon, ili kumaliza ugomvi wa ardhi wa koloni mbili. Wapimaji wale hawakuwa na habari ya utumwa. Baadaye mstari wao ukawa mpaka wa majimbo ya watumwa na majimbo ya watu huru, na watu wakautaja kana kwamba Mungu ndiye aliyeuchora.

Matokeo ya neno hilo "nje" mwayajua. Hata miaka mingi baada ya uhuru, mgeni akitoka Nairobi akafika Marsabit au Moyale, wazee walimuuliza, "Kenya habari gani?" Watu wa huku chini walicheka wakisema hawa hawajui nchi yao. Sisi twasema walijua sana. Waliandikiwa na Serikali kwamba wako nje, nao waliisoma barua.

Sasa twaomba subira yenu, kwa kuwa neno linalofuata lina kisa kirefu na ni kisa cha mji huu. Ni neno MWENYEJI, lile Serikali ya koloni iliyoandika "native". Baada ya vita vya 1914 hata 1918, askari wa zamani wa Kisomali, wengi wao Waisaaq, walikaa hapa Isiolo na mifugo yao na maduka yao. Sheria ya mwaka 1919 ilikuwa imewatenga kidogo na jina la mwenyeji. Mwaka 1936 ikaja sheria ya kodi ya kichwa kwa watu wasio wenyeji, nayo ikapanga madaraja: Mzungu juu, Mhindi chini yake, kisha wengineo. Waisaaq waliwekwa katika hao wengineo, kwa kodi ndogo kuliko ya Wahindi.

Wakakataa. Ndiyo, ndugu, walikataa kulipa kidogo! Walitaka kulipa kodi kubwa, ile ya Wahindi. Waliandika malalamiko hata London, wakasaidiwa na wenzao walioko Somaliland na Uingereza, na ugomvi ukaendelea mpaka wakati wa vita vya pili.

Mtu akisoma haraka atasema watu hawa walikuwa wajinga. Linganisheni na Wamarekani. Mwaka 1765 Bunge la London liliwatoza kodi ya stempu juu ya magazeti na hati zao, nao wakakataa kwa sababu hawakuwa na mjumbe katika Bunge lile. Kodi ilikuwa ndogo. Kilichowauma ni kutozwa bila kuulizwa. Waisaaq nao hawakuwa wakihesabu shilingi. Walijua kwamba risiti ya kodi ndiyo itakayosema mtu alale wodi gani akiugua, ale chakula gani akifungwa, afanye biashara wapi, apite kizuizi au asipite. Walinunua daraja. Twaona walikuwa na akili, na twaona pia walikosea, kwa maana waligombea kipago cha ngazi wakaiacha ngazi imesimama, na Waborana na Waturkana wako chini kabisa wakishikilia. Wamarekani wa 1776 walifanya vivyo hivyo: waliandika kwamba watu wote wameumbwa sawa, na mwandishi mkuu, Thomas Jefferson, alikuwa na watumwa nyumbani.

Tulisema tutairudia Marsabit. Neno ni KIZUIZINI. Nchi iliyofungwa ni jela nzuri, haihitaji ukuta. Baada ya Thuku walikuja wengine. Makhan Singh, aliyeanzisha pamoja na Fred Kubai shirikisho la vyama vya wafanya kazi la mwaka 1949, alikamatwa Mei 1950, majuma machache baada ya kusimama katika mkutano wa Kaloleni, Nairobi, na kudai uhuru kamili wa Afrika Mashariki. Akawekwa kizuizini Lokitaung, kisha Maralal, kisha Dol Dol, hata mwaka 1961. Miaka 11 na zaidi! Kenyatta na wenzake walifungwa Lokitaung baada ya kesi ya Kapenguria. Hivyo kaskazini iliwatunza waliopigania chama chetu, ingawa kaskazini yenyewe ilikatazwa siasa mpaka mwaka 1960.

Mwaka huo vyama viliporuhusiwa huku, maneno yakaja kwa kasi. MAJIMBO lilikuwa neno la KADU: kila mkoa uwe na bunge lake na mamlaka yake, makabila madogo yasimezwe. KANU ilitaka serikali moja yenye nguvu. Wamarekani walizozana juu ya jambo hilo hilo toka 1781, majimbo yalipokuwa na nguvu zote, hata 1787 walipoiongezea serikali ya kati nguvu. Huku kwetu majimbo yaliingia katika katiba ya 1963, yakafutwa mwaka uliofuata, KADU ikajivunja. Baada ya karibu miaka 50 tukayaona tena katika katiba ya 2010 kwa jina la ugatuzi, kaunti 47, na Isiolo ni mojawapo. Neno la zamani lilikuwa limechafuka, likabadilishiwa nguo.

Neno zito ni KUJITENGA. Katika mkutano wa Lancaster House mwaka 1962 wajumbe wa N.F.D. waliomba kaskazini itengwe na Kenya ili iungane na Somalia. Waingereza wakatuma tume ya watu wawili, mmoja wa Nigeria na mmoja wa Kanada. Tume ikaona kwamba katika sehemu kubwa, zile wanakokaa Wasomali, watu karibu wote walitaka kwenda Somalia. Kwingineko, hasa kwa Waborana na majirani zao, maoni yaligawanyika. Isiolo iligawanyika mtaa kwa mtaa. Kisha Machi 1963 Waziri Duncan Sandys akatangaza kwamba patakuwa na mkoa wa saba, wa Kaskazini Mashariki, ndani ya Kenya. Isiolo, Marsabit na Moyale zikatiwa Mkoa wa Mashariki. Watu waliulizwa, wakajibu, jibu likawekwa sandukuni. Twaweza kukubali kwamba mipaka ya Afrika isivunjwe, na wengi wetu twakubali. Lakini kumwuliza mtu na kulifungia jibu lake ni kumfundisha kwamba kuulizwa hakuna maana.

Wengine husema kujitenga huku kulikuwa kama kule kwa Marekani. Hapana. South Carolina ilijitoa Desemba 1860, na majimbo 11 yote kwa jumla, ili watumwa wao wasiguswe. Wengine waliandika hivyo wazi katika matangazo yao. Watu wa N.F.D. walikuwa wachungaji waliofungiwa nje kwa miaka 60, wakaambiwa ghafula kwamba sasa wako ndani. Sababu si moja.

Lakini damu ilimwagika huku kama kule. Juni 1963, karibu na Modogashe, D.C. wetu Daudi Dabasso Wabera na Chifu Haji Galma Dida waliuawa kwa risasi. Wote wawili ni watoto wa kaskazini. Jina la Wabera mwaliona katika barabara ya Nairobi na katika mji wetu. Uhuru ukaja Desemba 12, na kabla haujatimiza majuma matatu hali ya hatari ikatangazwa Kaskazini Mashariki. Mwaka 1966 kanuni zake zikatandazwa juu ya Isiolo, Marsabit, Tana River na Lamu.

Na neno likapatikana: SHIFTA. Ni neno la Wahabeshi. Kwao shifta ni mtu aliyeasi akaingia msituni, na si lazima awe mwizi. Mmoja wao, Kassa Hailu, alitoka msituni akatawazwa mwaka 1855 kuwa Mfalme Tewodros. Lilipofika Kenya likabaki na maana moja, jambazi. Wapiganaji wenyewe walijiita jeshi la ukombozi. Kati yao walikuwamo waliopigania nchi, na walikuwamo walioteka malori na kuua madereva, watu kama sisi, kwa ajili ya mizigo. Hatuwasafishi. Ubaya wa neno ni kwamba halikukaa juu ya mwenye bunduki. Lilimkalia mchungaji, mama mwenye duka, mtoto wa shule. Na tukiri, wazee wetu waliotoka Meru, Embu na Machakos kuja kufanya kazi hapa katika P.W.D. walilitumia sokoni juu ya majirani zao, na watu waliofanya kazi bega kwa bega wakaacha kula pamoja. Hakuna chama kinachosimama hivyo.

MANYATTA ni neno la Kimaasai, la makao tu. Mwaka 1966 na 1967 likawa kambi. Wenyeji wa wilaya hii waliamriwa kuhamia Garba Tulla, Merti na Modogashe chini ya ulinzi, kama vile Waingereza walivyowatia zaidi ya watu 1,000,000 wa Mkoa wa Kati katika vijiji toka mwaka 1954. Aliyekutwa nje ya mipaka alihesabiwa shifta. Na ngamia hawakai kambini. Mifugo ilikufa kwa kukosa malisho, mingine ikapigwa risasi, mingine ikachukuliwa. Waborana wa Waso huuita wakati ule DAABA, wakati mambo yaliposimama. Oktoba 1967 Kenya na Somalia zilipatana Arusha mbele ya Rais Kaunda, vita vikaisha. Mtu akatoka manyatta hana kitu. Wengine wakaenda mashamba ya kumwagilia maji kule Malka Dakaa na Gafarsa, wengine wakaingia mji huu wakiuza kuni na kubeba mizigo. Hivyo ndivyo mwana wa mwenye ngamia alivyokuwa kibarua, na hivyo ndivyo baadhi yenu mlivyokuwa wanachama.

Mwaka 1970 ikatungwa sheria ya kuwakinga watumishi wa Serikali wasishtakiwe kwa mambo waliyotenda katika wilaya hizi wakati wa vita. Wamarekani nao waliwasamehe walioasi. Rais Johnson alitoa msamaha wa wote Desemba 1868, na rais wa waasi, Jefferson Davis, hakuhukumiwa kamwe. Kule walisamehewa walioshindwa, huku walikingwa walioshinda, na pande zote mbili aliyepoteza kila kitu hakulipwa. Habari za Daaba ziliandikwa na Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano katika ripoti yake ya 2013.

Neno la mwisho ni KITAMBULISHO. Mwaka 1989 Wasomali wa Kenya walisailiwa upya na kupewa kadi ya pekee, na baadaye vijana wa kaskazini waliendelea kupita mbele ya kamati kabla ya kupata kitambulisho. Februari 2025, kule Wajir, Rais Ruto alitangaza kwamba usaili huo umekomeshwa. Hata hivyo tunaye mwenzetu ambaye, zamani za usaili, alipoteza kazi ya kudumu kwa sababu ofisi moja ilimtaka alete karatasi ya babu yake. Babu yake alikuwa manyatta. Karatasi alizokuwa nazo ziliungua na nyumba yake.

Kwa hiyo halmashauri yaomba hivi. Aliye na pasi ya zamani ya kupita kizuizi, kipande, risiti ya kodi ya mzazi au babu, au barua yoyote ya D.C., aje nayo Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, saa nane. Karani ataipiga nakala na kumrudishia mwenyewe siku hiyo hiyo. Nakala zitakaa katika kabati la tawi, na mwanachama akitakiwa kuthibitisha mzazi wake, zitatolewa.